Jinsi metro ya Guangzhou ilivyoufikia uwanja wa ndege

Uwanja wa ndege wa zamani wa Baiyun ulikuwa umebanana na jiji la Guangzhou. Ulikuwa kaskazini tu ya Sanyuanli, mtaa ambao wanakijiji wake walipambana na majeshi ya Uingereza mwaka 1841, na ndege zilishuka juu ya mapaa ya nyumba za watu. Teksi ilikufikisha mjini upesi, lakini uwanja haukuwa na pa kupanuka. Agosti 5, 2004 shughuli zote zikahamishiwa Baiyun mpya, kama kilomita 28 kaskazini ya katikati ya jiji.

Ndege zikapata nafasi, na abiria akaongezewa safari. Wakati huo metro ya Guangzhou ilikuwa bado changa, kwani kipande cha kwanza cha Njia ya 1 kilifunguliwa Juni 1997. Njia ya 3, ambayo ndiyo ingekuja kufika uwanjani, ilianza Desemba 2005 katikati ya jiji ikiwa na treni za mabehewa matatu tu. Kwa jiji lililokuwa likipokea wageni kwa mamilioni, mabehewa matatu yalikuwa hesabu ya woga, na abiria waliilipia kwa kusimama wamebanana miaka mingi. Kutoka uwanjani kwenyewe mtu alibaki na basi au teksi.

Kilichoharakisha kazi ni Michezo ya Asia, iliyofunguliwa Guangzhou Novemba 12, 2010. Mwaka huo treni za Njia ya 3 ziliunganishwa zikawa na mabehewa sita, na Oktoba 30 kituo cha Uwanja wa Ndege Kusini kikafunguliwa. Siku mbili baadaye jiji likaanza kutoa usafiri wa umma bure kwa ajili ya michezo. Watu walifurika. Metro ilibeba zaidi ya abiria milioni 7 kwa siku, foleni zikajaa ngazi hadi barabarani, na kufikia Novemba 8 nauli ikawa imerudishwa. Badala yake kila kaya ya wakazi ikapewa yuan 150 taslimu. Hayo ndiyo yaliyokuwa mapokezi ya njia ya uwanja wa ndege: haikuwa na hata wiki mbili, tayari imeelemewa.

Kwangu mimi, jambo kubwa katika historia hii ni nauli. Kwa uwanja wake wa ndege, Shanghai ilianza kwa treni inayoelea kwa nguvu ya sumaku, iliyozinduliwa mwisho wa mwaka 2002 na kujengwa ili ipite mwendo wa kilomita 400 kwa saa. Nauli yake ni yuan 50, na inakuacha kituo cha Longyang Road, ambako bado unahitaji treni nyingine kufika katikati ya jiji. Beijing ilijenga njia maalumu ya uwanja wa ndege kwa Olimpiki ya 2008, nauli yuan 25. Guangzhou iliufanya uwanja wa ndege kuwa kituo cha kawaida kwenye njia ya kawaida. Nauli huanzia yuan 2 kwa kilomita 4 za mwanzo na kupanda kidogo kidogo kwa umbali, hivyo kutoka uwanjani hadi katikati ya jiji hulipi hata yuan 10, wakati teksi huzidi yuan 100.

Uamuzi huo unawagusa watu wetu moja kwa moja. Kwa miaka mingi wafanyabiashara kutoka Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Lubumbashi wamekuwa wakienda Guangzhou kufuata mzigo: nguo, viatu, simu, vipuri. Wengi hufikia mtaa wa Xiaobei au wa Sanyuanli. Mwenye mtaji mdogo anayejua njia hupanda Njia ya 3 uwanjani, akabadilisha Jiahewanggang kuingia Njia ya 2, ambayo kabla ya Sanyuanli hupita chini ya eneo la uwanja ule wa zamani. Anayekwenda Xiaobei huendelea hadi kituo kikuu cha reli, akashika Njia ya 5 kwa kituo kimoja. Fedha anayookoa kwenye teksi, kwenda na kurudi, ni fedha ya bidhaa, na kwa mtu anayehesabu faida kwa kila jozi ya viatu si ndogo.

Ubaya wake haufichiki. Njia ya 3 ni miongoni mwa njia zinazojaa kupita zote Guangzhou, na mgeni mwenye masanduku mawili hugombea nafasi ya kusimama na maelfu wanaowahi kazini. Aprili 26, 2018 jengo la pili la abiria lilipofunguliwa, njia ikasogezwa hadi kituo cha Uwanja wa Ndege Kaskazini, na watu wakazidi katika mabehewa yale yale sita. Pamoja na hayo naiona Guangzhou ilichagua vyema. Msongamano hupunguzwa kwa kuongeza treni na kujenga njia nyingine, lakini nauli ya anasa ingemfungia mchuuzi mlango tangu siku ya kwanza.