Tarehe ya Wasilanga, Wakama wa Ukerewe

Wapo Mwanza wanaosema Ukerewe haikuwa na ufalme, ni visiwa vya wavuvi tu hadi Wajerumani walipokuja kuweka machifu. Si kweli, na hii hapa tarehe ya Wasilanga kama wazee walivyoipokeza.

Asili yao ni Ihangiro, ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Viktoria. Katobaha aliondoka huko na watu wake kwa mitumbwi, akashika Ukerewe, na koo alizozikuta zikamkubali kuwa bwana. Asiyeamini asikilize Kikerewe: ni ndugu wa Kihaya na Kizinza, wala si wa Kisukuma kinachosemwa ng'ambo ya pili ya Ghuba ya Speke.

Omukama, yaani mfalme, alishika mvua. Ulezi ukinyauka shambani, watu walimtazama yeye; mvua ikizidi ikaozesha mazao, walimtazama yeye vilevile. Aliyeshindwa na mvua aliweza kuondolewa, hata kama ni mwana halali wa ukoo, akawekwa ndugu yake. Enzi za Omukama Mihigo pembe za ndovu zikaanza kwenda bara. Kisha, baada ya wengine, akatawala Machunda, naye alipofariki mnamo 1869 kiti kikawa cha Lukonge.

Hapa lazima nisimame, kwa kuwa Lukonge amesingiziwa mengi. Mwaka 1875 msafiri Stanley alikwama Kageyi, pwani ya kusini ya ziwa, na watu wake, na mitumbwi ya kuwavusha kwenda Buganda akaipata kwa Lukonge. Mtu mwenye chuki na wageni hatoi mitumbwi. Miaka miwili baadaye wakaja wamisionari wa Kiingereza, Shergold Smith na O'Neill. Songoro, mfanyabiashara aliyekuwa akiunda jahazi kisiwani, aliwauzia chombo hicho, na ugomvi wa deni ukazuka kati yake na Omukama. Songoro akakimbilia kwa Wazungu, nao wakamkingia kifua. Desemba 1877 mashujaa wa Lukonge wakawavamia, wakauawa Songoro na wamisionari wote wawili. Damu ilimwagika, sikatai. Lakini Omukama gani angekubali mdaiwa wake afichwe na wageni ndani ya nchi yake mwenyewe? Mackay, mmisionari mwenzao, alifika Ukerewe mwaka uliofuata, akakaa na Lukonge, akasikiliza upande wake, akaondoka salama. Wanaomwita Lukonge muuaji wa wageni huiruka safari hiyo.

Mwaka 1895 Wajerumani walimwondoa kwa nguvu, wakamweka Mukaka. Akafuata Ruhumbika mwaka 1907, kisha Michael Lukumbuzya, wa mwisho kukalia kiti, ambaye baada ya uhuru, uchifu ulipofutwa, aliitumikia Tanzania ng'ambo kama balozi. Jumba lao la ghorofa huko Bukindo lingali limesimama.

Ukoo huu ulizaa pia kalamu. Aniceti Kitereza, mjukuu wa Machunda, alizaliwa 1896, akasomeshwa na mapadri, na mwaka 1945 akamaliza kuandika kwa Kikerewe kisa kirefu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Wachapishaji hawakukitaka kwa lugha hiyo, ikambidi akitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Humo utakuta kilimo, uvuvi, mahari, uganga na pombe ya ndizi, vyote kama vilivyokuwa kabla ya Mzungu. Kilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1980, na Kitereza akafariki mwaka uliofuata.