Bangi, Mpaka na Maradhi ya Akili

Ukifika Busia utakuta mji mmoja wenye serikali mbili. Mwaka 1902 Waingereza waliliondoa Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Wateso na Wasamia wakajikuta pande zote za mpaka. Tangu hapo hata wagonjwa wa akili waligawanywa: hospitali kuu ya upande wa Kenya ikawa Mathari, Nairobi, iliyofunguliwa 1910, mgonjwa wa Tororo alitazama Kampala, ambako Butabika ilifunguliwa 1955. Swali, hata hivyo, lilibaki moja: je, bangi huleta wazimu?

Neno bangi lina asili ya Uhindi, na huko ndiko swali hili lilikochunguzwa mapema. Tume iliyoundwa na wakoloni mwaka 1893 ilikagua madaftari ya hospitali za wendawazimu. Iligundua kwamba mara nyingi bangi iliandikwa kuwa chanzo cha ugonjwa bila uchunguzi wa maana. Hata hivyo, mkataba wa Geneva wa 1925 uliiweka bangi chini ya udhibiti wa kimataifa.

Ushahidi mzito ulikuja 1987. Watafiti wa Uswidi waliwafuatilia kwa miaka 15 vijana zaidi ya 45,000 walioandikishwa jeshini. Waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 walikuwa na hatari mara 6 ya kupata skizofrenia, maradhi yanayomfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo na kushika imani zisizo za kweli. Mambo mengine ya maisha yao yalipozingatiwa, hatari hiyo ilipungua lakini haikutoweka. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa aliye hatarini zaidi ni anayeanza akiwa mdogo, anayevuta kila siku, au mwenye maradhi hayo katika ukoo wake.

Basi epuka makosa mawili. Usimwamini anayekuambia kuwa bangi ni majani tu yasiyo na madhara. Wala usimhukumu kila mgonjwa kuwa amejitakia. Wavutaji wengi hawaugui, na wako wagonjwa ambao hawajawahi kuionja. Familia inayoogopa aibu au polisi huweza kumficha mgonjwa hadi hali izidi kuwa mbaya. Wajibu wa raia, awe Busia au Tororo, ni kumfikisha hospitali mapema na kumwachia daktari atafute chanzo.