Nchi Zisizo Kwenye Ramani na Watu Waliozichapa

Shaaban Robert alituachia nchi mbili ambazo hazimo katika ramani yoyote. Kusadikika, inayoelea angani, ilichapwa mwaka 1951. Kufikirika ilitoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya mtunzi wake kuzikwa Machui, si mbali na hapa Tanga ninapoishi. Kila nikiulizwa kwa nini nachapa riwaya zangu mwenyewe, naanzia hapo. Mtunzi tunayemhesabu kuwa mkubwa kuliko wote katika lugha yetu aliondoka duniani kabla ya kuishika mkononi hadithi yake ya mfalme aliyelilia mtoto.

Ila naye hakukaa kusubiri wachapishaji wa ng'ambo peke yao. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa na shughuli yake ya uchapishaji hapa hapa mjini, kwa jina la Art and Literature, na kwa njia hiyo akatoa Insha na Mashairi. Kwa hiyo mtunzi wa Kiswahili anayegharimia kitabu chake hajaanza jana, wala hajaiga mtu.

Mimi natunga riwaya za majini, falme za chini ya bahari, na watu wanaoingia katika Mapango ya Amboni wakatokea katika nchi nyingine. Mtoto wa Tanga hahitaji kufundishwa mambo hayo. Tumekua tukisikia kwamba njia za mle pangoni huenda chini kwa chini hadi Mombasa, na watu bado hupeleka sadaka zao kwa mzimu. Nilipopeleka mswada wangu wa kwanza kwa mchapishaji mmoja, mhariri aliusoma wote, akausifu, kisha akaniuliza swali moja: kitasomwa kidato cha ngapi?

Swali hilo lina umri mkubwa. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya makoloni ya Afrika Mashariki, na moja ya kazi zake ilikuwa kuvipitia vitabu vilivyokusudiwa shule. Mwaka 1948 ikaja East African Literature Bureau ya Nairobi. Hiyo ilifungua mlango mpana zaidi, kwani ndiyo iliyotutolea Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla na Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla. Baada ya Uhuru likaanzishwa Tanzania Publishing House, mwaka 1966. Zama zote hizo, mnunuzi wa uhakika alikuwa shule. Simlaumu mchapishaji kwa hilo. Karatasi hununuliwa kwa fedha taslimu, na kitabu cha darasani kina msomaji anayejulikana kabla mtambo haujawashwa. Lakini matokeo yake ni kwamba hadithi ya ajabu ilipaswa kwanza kuthibitisha kuwa ina somo. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert imejaa mambo ya ajabu: jini, mji uliogeuka mawe, ndugu wawili waliogeuzwa manyani. Naamini ilipita kwa urahisi kwa sababu mafundisho yake yalionekana tangu jalada. Jini asiyekuja kumfundisha mtu adabu hakuwa na dawati la kukalia.

Kilichobadilisha mambo ni shida. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Bureau ikaenda nayo. Zikafuata vita vya Kagera, uhaba wa fedha za kigeni na uhaba wa karatasi. Kiwanda chetu cha karatasi cha Mufindi hakikuanza kazi hadi mwaka 1985. Katika ukame huo huo vijana wa Dar es Salaam wakaamua kuwa watunzi na wachapishaji kwa pamoja. Kajubi Mukajanga alitoa vitabu kupitia Grand Arts Promotions. Ben Mtobwa, kijana aliyetoka Kigoma, alianzisha Heko, akawapa wasomaji Joram Kiango, mpelelezi ambaye watu walimfuata kitabu hadi kitabu. Vilikuwa vitabu vyembamba vya kuingia mfukoni, vyenye jalada la rangi kali, na viliuzwa kando ya barabara, pale pale penye magazeti na sigara. Watu hao waliandika, wakatafuta karatasi, wakasimamia mtambo, kisha wakafuatilia fedha kwa wauzaji. Hawakuandika habari za majini, lakini ndio walioonyesha kwamba msomaji wa Kiswahili hununua kitabu kwa hamu yake mwenyewe, bila kuagizwa na mwalimu.

Hata wasomi wa chuo kikuu waligeukia hadithi za ajabu. Euphrase Kezilahabi alipoachana na uhalisia na kuandika Nagona na Mzingile, vitabu vifupi vya safari za ajabu, vilitolewa na mchapishaji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kyallo Wadi Wamitila wa Kenya naye aliitoa Musaleo! mwaka 2004 kwa Vide-Muwa, kampuni aliyoianzisha mwenyewe.

Kisha yakaja magazeti ya watu binafsi ya miaka ya 1990, na hadithi za mfululizo zikapata uwanja. Eric Shigongo alianzisha Global Publishers mwaka 1998, na riwaya zake zilisomwa gazeti baada ya gazeti. Hapo mizimu na uchawi vikapata nafasi bila kuulizwa kidato, kwa kuwa aliyeamua ni mtu mwenye sarafu mkononi akiisubiri sehemu inayofuata.

Mimi ni wa zama za simu. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, na bila hiyo nisingekuwa mwandishi. Riwaya yangu ya kwanza niliitoa sehemu kwa sehemu kwenye WhatsApp. Sehemu za mwanzo bure, zilizobaki kwa atakayelipia. Fedha hizo ndizo zilizomlipa mhariri, kisha mchoraji wa jalada, kisha mpiga chapa wa Dar. Huyo alinifundisha kupanga kurasa kwa kumi na sita ili karatasi isipotee bure. Namba ya ISBN niliiomba Bodi ya Huduma za Maktaba. Mizigo ilikuja kwa basi, na hadi leo msomaji wa Mbeya au Mwanza hupokea kitabu stendi kwa jina na namba ya simu iliyoandikwa juu ya bahasha. Wapo walioko Muscat wanaowatuma ndugu zao wawabebee.

Neema kubwa ya kumiliki kitabu chako ni kukirudia. Bibi mmoja wa Chumbageni alisomewa riwaya na mjukuu wake, akaniita barazani kwake. "Mwanangu, umesimulia vizuri," akaniambia, "lakini sisi tulisimuliwa kwamba anayeingia pangoni huacha jina lake nje." Nikamshika mkono, nikaomba ruhusa, na toleo la pili lina mlinda lango anayehifadhi majina ya waliopita. Hakuna kamati iliyokaa.

Jambo linaloniuma ni kutunza. Leo ukitaka vitabu vya mfukoni vya miaka ya 1980, utapekua marundo ya wauza vitabu vilivyotumika, na nakala nyingi hazina jalada wala ukurasa wa kwanza. Hujui ilichapwa wapi wala ni toleo la ngapi. Watunzi wale walibeba kila kazi, ila mabegani pao hapakubaki nafasi ya ghala. Nasi tunaelekea kubaya zaidi, kwa sababu simu ikiibwa au kundi likifutwa, riwaya nzima huenda nayo.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu tunaochapa wenyewe. Tuandike mwaka, mji, mpiga chapa na toleo katika kila kitabu. Tupeleke nakala Maktaba ya Taifa na maktaba ya mkoa, hata kama hakuna aliyetudai. Hadithi iliyokuwa kwenye simu tuichape, japo nakala chache. Tumekwisha kuwa waandishi, wachapishaji na wauzaji. Kazi ya kutunza nayo ni yetu, na tukiiacha, historia ya riwaya ya ajabu ya Kiswahili itaandikwa kwa vitabu vya shule peke yake.