Taa za mchana kwenye Landrova langu, na msiba ambao haukuwepo

Huku Joburg tunasukuma siku. Najua nimepotea kidogo hapa kijiweni, ila leo nina deni la kulipa. Wiki iliyopita nilituma kwenye kundi la familia picha ya Landrova langu limeegeshwa nje, saa sita mchana, jua kali, taa mbili nyeupe zinawaka mbele. Dakika mbili hazijapita, mjomba akauliza: "Kwani kafa nani?" Shangazi akafuatia na pole. Mpaka jioni watu watatu walikuwa wamenipigia simu.

Siwalaumu. Kwetu gari likiwasha taa mchana lina habari: ni msiba, harusi, msafara wa mkubwa au gari la wagonjwa. Ukisahau tu kuzizima, kila unayepishana naye anakunyooshea mkono, vidole vinafumba na kufumbua: taa, taa! Na dereva akikuwashia mara mbili kutoka mbele, unajua trafiki wako kwenye kona. Kwa hiyo jibu langu kwa mjomba lilihitaji kuwa refu kuliko "hakuna aliyekufa", na ndilo hili. Kaeni vizuri.

Gari lenyewe mnalijua, lile la kijivu, Series IIA ya mwaka 1970. Watu huku wananicheka, lakini nyie mnajua Landrova kwetu si gari, ni ndugu. Oktoba 2024 Arusha si walikusanya mamia ya Landrova kwenye tamasha, watu wakatoka kila pembe ya nchi? Mimi niliangalia picha tu kwenye simu, roho ikauma.

Sasa Julai mwaka jana nilikuwa natoka Koster kwenda Magaliesburg, barabara ya kupishana, magari yanakwenda na kurudi njia hiyo hiyo. Julai huku ni kipupwe na ukame. Nyasi zimekauka, zinaungua kila mahali, moshi umelala juu ya lami, na jua la saa kumi liko chini mbele ya macho ya dereva anayekwenda magharibi. Mimi nilikuwa upande huo wa magharibi nikirudi, jua mgongoni, naona kila kitu vizuri kabisa. Nikaona bakkie (ndivyo wanavyoita pikapu huku) inatoka nyuma ya lori, inakuja kwenye njia yangu. Nikasubiri irudi, hairudi. Nikapiga honi, nikakanyaga breki za mwaka 1970, nikaingia kwenye majani. Alipita, akasimama mbele huko, akarudi kwa miguu anatetemeka. Kijana wa kama miaka ishirini na tano. Alisema neno moja tu, akalirudia: hakukuona, hakukuona kabisa. Na mimi nilimwamini. Gari la kijivu, ndani ya moshi wa kijivu, barabara ya kijivu, na jua liko machoni mwake.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimezoea kufikiri taa ni ya dereva aone anakokwenda. Kumbe kuna kazi ya pili kabisa, ya wewe kuonekana, na kazi hiyo haijali kama wewe unaona au huoni.

Nikaanza kusoma, na hapa ndipo historia inaponoga. Land Rover ya kwanza ilioneshwa kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Baada ya vita vile chuma Uingereza kilikuwa cha mgawo, ndiyo maana bodi ni ya alumini. Gari la shamba. Sasa tazameni picha ya zile za mwanzo: taa kubwa zimefichwa nyuma ya shoo, nyuma ya wavu! Mantiki ya shambani: tawi lisivunje kioo. Nani anataka kukuona shambani, ng'ombe? Mwanzoni mwa miaka ya 1950 taa zikatobozwa kupita kwenye wavu, zikachungulia nje. Zikabaki katikati hivyo, karibu karibu kama macho ya mtu anayechungulia tundu la ufunguo, mpaka mwaka 1968 na 1969 zilipohamishiwa nje kwenye madigadi. Zilihamishwa kwa sababu sheria za taa za nchi mbalimbali zilikuwa hazikubali tena taa za katikati. Sababu yenyewe inaeleweka: usiku, taa mbili zilizobanana huwezi kujua gari lina upana gani wala liko umbali gani.

Langu la 1970 ni katika hizo zilizohamishwa. Kwa hiyo miaka zaidi ya hamsini kabla yangu mimi kushika drili, uso wa gari hili ulikwisha kubadilishwa ili wengine walione. Jamaa wanaoniambia naharibu gari la asili nawajibu hivyo hivyo.

Sasa nani alianza kuwasha mchana? Watu wa giza. Finland, mwaka 1972, waliagiza taa ziwashwe mchana wakati wa baridi kwenye barabara za nje ya miji. Sweden wakafuata mwaka 1977, mwaka mzima, kila barabara. Kule jua la Desemba linachungulia saa chache tu na liko chini muda wote. Wasweden walikuwa na akili: Volvo 240 zao zilifungwa balbu ndogo za wati 21 kwa ajili ya mchana tu, usichome taa kubwa bure. Canada ikalazimisha kwa magari mapya yaliyotengenezwa kuanzia Desemba 1989. Umoja wa Ulaya ulichelewa: aina mpya za magari madogo kuanzia Februari 2011, malori na mabasi Agosti 2012. Ndiyo maana magari mapya mengi mnayoyaona Dar siku hizi yana zile nyusi nyeupe mbele. Si urembo tu, ingawa wabunifu wameugeuza urembo.

Si wote waliokubali, jamani. Austria waliwalazimisha madereva wawashe taa mchana Novemba 2005, na Januari 2008 wakaifuta sheria. Hofu ilikuwa kwamba kila gari likiwaka, pikipiki, ambayo ndiyo ilikuwa inaonekana kwa taa yake, inapotea kwenye kundi. Hoja ya maana hiyo, wenye bodaboda mnielewe. Hapa Afrika Kusini pikipiki ndizo zinazotakiwa kuwasha taa muda wote. Magari ni kuanzia jua kuzama mpaka kuchomoza, na wakati wowote ambapo mtu au gari halionekani vizuri kwa mita 150. Kwa hiyo ule moshi wa Koster, kwa sheria, nilitakiwa niwe nimewasha! Nilijiona mjinga kweli.

Mtauliza, si uwashe tu taa kubwa, basi? Nilijaribu mwezi mzima. Tatizo ni dainamo. Gari langu halina alteneta, lina dainamo ya ampea 22, na dainamo injini ikiwa sailensa haizalishi kitu cha maana. Taa kubwa mbili na za nyuma zinakula ampea karibu kumi. Ukiwa kwenye foleni ya M1 asubuhi, unatembea hatua tano unasimama, unakula betri yenyewe. Siku ya tatu lilizima kwenye robot (taa za barabarani huku zinaitwa robot, msicheke) na nyuma yangu kulikuwa na teksi kumi na tano zenye madereva wasio na subira. Matusi niliyojifunza siku ile, ya Kizulu na Kisotho, nitawafundisha nikija.

Taa za LED, zote mbili pamoja, zinakula ampea moja na kidogo. Hapo ndipo hesabu ilipokubali. Lakini tahadhari kwa wenye magari ya kizamani zaidi: Landrova za kabla ya mwaka 1967 hivi, chanya ya betri ndiyo iliyoungwa kwenye bodi, si hasi. Ukifunga LED kama kwenye gari la leo hazitawaka, au utaziua.

Fundi wa kwanza, sitamtaja, aliziunga moja kwa moja kwenye betri. Asubuhi betri imekufa. Tukafungua, safari hii na mzee mmoja wa Malawi ambaye ameshika magari ya Waingereza maisha yake yote. Yeye alivuta waya kutoka kwenye swichi ya ufunguo, akaweka fyuzi ya ampea tano, kisha rilei inayozizima ukiwasha taa za paki, maana usiku zinaumiza macho ya wenzako. Vipimo tulifuata vya kimataifa: zisiwe chini ya sentimita 25 kutoka ardhini wala juu ya mita moja na nusu, na kati yake sentimita 60 au zaidi. Yaani somo lile lile la 1968, macho yasibanane! Bodi sikuitoboa. Tulizifunga kwenye bampa kwa vyuma vidogo, kwa hiyo alumini haikuguswa, maana alumini na chuma vikikutana na unyevu vinatafunana.

Nilidhani taa hizi ni za nchi za giza, Joburg yenye jua hili zina kazi gani? Kumbe jua kali ndilo linaloleta kivuli kikali. Mitaa ya huku imejaa miti, gari linatoka kwenye mwanga mkali linaingia kivulini, linapotea. Na wakati wa kiangazi, mvua za radi za saa tisa zinageuza mchana kuwa usiku kwa dakika tano. Nimehesabu (si utafiti, ni mimi tu na macho yangu) kwamba siku hizi watu wanaotaka kuingia barabarani wanasubiri nipite. Zamani walikuwa wanaingia tu.

Desemba, Mungu akipenda, nakuja nalo: Botswana, daraja la Kazungula, Zambia yote, niingilie Tunduma. Najua kuanzia Tunduma mpaka Chalinze kila dereva atanifumbia na kufumbua mkono. Mjomba, wewe ukiniona naingia uani zinawaka, usitoe jamvi.

Wasalaam.