Kwa nini tembo wengine wanazaliwa bila pembe

Ndugu wasikilizaji wa Lubumbashi, na ninyi jamaa mliofika mjini mkikimbia vita vya Mitwaba, Pweto na Manono, leo tuongee juu ya tembo. Katika mbuga kadhaa za Afrika kuna tembo jike wasioota pembe hata kidogo. Hawakukatwa, wala si wagonjwa. Wamezaliwa hivyo, na bunduki ndiyo iliyofanya wawe wengi.

Tuanze na historia yetu wenyewe. Katika karne ya 19, M'siri alitoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, akaanzisha ufalme wa Bayeke wenye makao makuu Bunkeya. Misafara ilitoka kwake na shaba, watumwa na pembe za tembo. Mingine ilielekea mashariki hadi pwani ya Bahari ya Hindi, mingine magharibi hadi Angola. Ilirudi na vitambaa, bunduki na baruti. Pembe ilinunua bunduki, na bunduki ikatafuta pembe nyingine. M'siri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, uliokuja kumchukulia mfalme Leopold II nchi ya Katanga. Wenye kutawala walibadilika, lakini pembe iliendelea kuuzwa.

Mwindaji wa pembe hana haja na tembo asiye na pembe: anamwacha apite. Wenye pembe kubwa ndio wanaokufa kwanza, wengi kabla ya kumaliza kuzaa. Wale wasio na pembe, ambao tangu zamani walikuwa wachache, wanabaki na kuzaa, na binti zao wengi wanarithi hali hiyo.

Kwa jirani zetu wa Zambia jambo hili lilihesabiwa. Katika mbuga ya South Luangwa, mwaka 1969, majike wasio na pembe walikuwa kama 10 kwa kila 100. Mwaka 1989 walifika 38. Ilikuwa miaka 20 tu, na sababu kubwa ilikuwa ujangili.

Msumbiji nako kulikuwa na vita kuanzia 1977 hadi 1992. Wapiganaji wa pande zote waliua tembo kwa nyama na kwa pembe za kugharamia vita. Katika mbuga ya Gorongosa, zaidi ya tembo 90 kwa kila 100 walipotea. Kabla ya vita, majike wasio na pembe walikuwa kama 18 kwa 100. Baada ya vita, nusu ya majike waliobaki hawakuwa na pembe.

Mwaka 2021 wataalamu walieleza jinsi hali hii inavyorithiwa. Chembe ya urithi inayozuia pembe iko kwenye kromosomu X. Jike ana kromosomu X mbili, hivyo ile nzima inamsaidia kuishi. Dume ana moja tu. Akirithi ile yenye kasoro, anakufa tumboni kabla ya kuzaliwa. Ndiyo maana wasio na pembe ni majike, na mama wa namna hiyo anazaa madume wachache.

Kwa hiyo kukosa pembe kunamwokoa mama, lakini kunapunguza watoto wa kundi. Tena pembe ni chombo cha kazi: tembo anaitumia kuchimba maji na chumvi na kubandua magome ya miti. Wanyama wengine nao wanakunywa kwenye mashimo hayo.

Hapa kwetu, mbuga ya Upemba iliundwa mwaka 1939, na tembo wachache wangali humo. Wameishi katika pori lilelile ambalo makundi yenye silaha yaliwafukuzia watu vijijini. Nasi tujifunze kwa Gorongosa: hata miongoni mwa majike waliozaliwa baada ya amani, kama mmoja kati ya watatu hana pembe. Risasi zilinyamaza, lakini vita vilibaki ndani ya miili ya wanyama.

Sheria ya nchi yetu inakataza kuua tembo. Akija mtu kukuuzia pembe, kataa. Pembe isiyo na mnunuzi haimpi mwenye bunduki fedha za risasi nyingine. Na Mungu akiwajalia kurudi vijijini, mkimwona tembo jike asiye na pembe, mkae mbali naye, na muwaeleze watoto ni kwa nini yuko hivyo.