Ndama na Mtoto: Historia ya Maziwa ya Zebu Turkana

Zebu wa Turkana ni ng'ombe mdogo mwenye nundu, anayestahimili jua na mwendo mrefu. Wataalamu wengi humhesabu kuwa ng'ombe wa nyama. Lakini kwa vizazi vingi, kuanzia kingo za mto Turkwel, palipo Lodwar, hadi mto Tarach unaopita Kakuma, maziwa yake ndiyo yaliyolea watoto.

Kumkamua kuna utaratibu wake. Ndama huachiliwa kwanza anyonye, maana zebu hashushi maziwa bila mwanawe. Yakishashuka, ndama huvutwa kando, na mama au binti huchuchumaa na kukamua katika elepit, chombo cha mti uliochongwa. Kisha ndama hurudishiwa sehemu yake. Ndama akifa, ngozi yake huwekwa mbele ya ng'ombe ainuse, asije akakatisha maziwa. Kinachopatikana ni kidogo, lita moja hivi au pungufu, lakini hupatikana bila kumuua ndama.

Mwanaanthropolojia Philip Gulliver, katika kitabu chake cha mwaka 1955, alieleza jinsi mume alivyomgawia kila mke mifugo ya kukamua. Kwa hiyo maziwa yalikuwa mikononi mwa mwanamke. Msimu wa mvua yakizidi, alitikisa kibuyu akapata siagi, na yaliyobaki akayaanika juu ya ngozi mpaka yakawa edodo, maziwa makavu ya kuwekea kiangazi. Kiangazi ng'ombe walipelekwa milimani na vijana. Nyumbani wakabaki ngamia na mbuzi wa kukamuliwa. Watafiti waliokaa na Wangisonyoka, kundi mojawapo la Waturkana, miaka ya 1980 walikuta kwamba maziwa yalitoa zaidi ya nusu ya nguvu ya chakula chao.

Mpango huo wa kuishi kwa maziwa ulipigwa mara nyingi. Mwaka 1918 msafara wa kijeshi wa Waingereza ulinyang'anya mifugo mingi. Njaa ya 1960 na 1961 iliwaleta watu kwenye kambi za chakula. Ukame wa 1980, ambao Waturkana huuita Lopiar, uliwaacha wengi mikono mitupu. Mwaka 1992 kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa, na mji ukakua. Leo familia nyingi za Lodwar na Kakuma hununua maziwa ya pakiti, au hukosa kabisa.

Ng'ombe huyu amepimwa vibaya, kwa lita na kwa kilo za nyama tu. Apimwe pia kwa mtoto aliyekunywa. Katika eneo la Wasomali nchini Ethiopia, kuwalisha kiangazi mifugo wachache wanaokamuliwa karibu na nyumba kulisaidia kulinda afya ya watoto. Serikali ya Kaunti ya Turkana ifanye vivyo hivyo: nyasi na chanjo zitangulie kwa ng'ombe, ngamia na mbuzi wanaonyonyesha, na mama anayewakamua asikilizwe kabla ya mfanyabiashara wa mnada.