Faharasa ya Dewey
Mwaka 1876 Mmarekani Melvil Dewey, aliyekuwa akitumikia maktaba ya Chuo cha Amherst, aligawa elimu yote katika mafungu 10, kila fungu sehemu 10, kila sehemu vijisehemu 10. Lakini kahawa utaitafuta wapi? Ya shambani iko 633, ya kunywa 641, ya uchumi 338. Ukishuka tawi lisilo lake, utatoka mikono mitupu. Ndipo akaweka faharasa ya alfabeti: neno moja, namba zake zote. Mimi naithamini faharasa hiyo kuliko mafungu yenyewe, maana mafungu yalikuwa na upendeleo. Katika 200, fungu la dini, Ukristo ulitandazwa. Uislamu ukabanwa 297, na dini za jadi za Afrika zikarundikwa pamoja na nyinginezo katika 299.